Pampu Ilikuja Mapema, Barakoa Ikachelewa

Anayesimulia historia ya tiba ya kukatika kwa pumzi usingizini kwa kawaida huanza na mashine, na hapo ndipo simulizi inapopotea njia. Mashine ni jambo jepesi: mota ndogo inayosukuma hewa, bomba, na shinikizo la kutosha kuzuia koo lisijifunge wakati mtu amelala na misuli yake imelegea. Kilichowashinda wataalamu kwa miaka mingi ni sentimita chache za mwisho, pale bomba linapokutana na pua ya mtu aliyelala, anayegeuka huku na huku, anayetoka jasho, mwenye ndevu au nywele zilizosukwa, na ambaye akiudhika atakivua kitu hicho bila hata kuamka. Nadai mambo matatu. Historia ya tiba hii ni historia ya barakoa. Barakoa ilipata nafuu kila mara mvaaji na mtengenezaji walipokuwa karibu. Na kwa mkazi wa Meru au Embu nchini Kenya, umbali kati ya hao wawili ni kikwazo kikubwa kuliko bei ya mashine, ingawa bei ndiyo inayozungumzwa zaidi.

Kabla ya mwaka 1981, aliyeugua sana hakuwa na tegemeo ila kisu. Madaktari wa Ulaya walianza kurekodi pumzi zinazokatika usingizini katikati ya miaka ya 1960, na muongo huo ulipokuwa ukiisha tiba ya uhakika ikawa kutoboa koo na kuingiza mrija chini ya mahali panapoziba. Mgonjwa aliacha kukoroma, lakini akabaki na tundu shingoni. Juni 1980 huko Sydney, Australia, Dkt. Colin Sullivan alimpata mgonjwa aliyeshauriwa upasuaji huo, naye akakubali kujaribu kwanza hewa ya kusukumwa kupitia puani. Aprili 1981 jarida la The Lancet likachapisha habari za wagonjwa watano: shinikizo la sentimita 4.5 hadi 10 za maji lilitosha kuliacha koo la kila mmoja wazi usiku kucha. Hilo ni shinikizo dogo mno. Zamisha mrija ndani ya glasi ya maji kwa kina cha kidole, upulize mpaka viputo vitoke, na utakuwa umelifikia. Nguvu haikuwa tatizo hata siku ya kwanza.

Tatizo lilikuwa kuifikisha nguvu hiyo ndogo puani bila kuvuja. Sullivan na wenzake walichukua umbo la pua ya kila mgonjwa kwa plasta, wakatengeneza juu yake barakoa ngumu ya nyuzi za kioo, kisha barakoa hiyo ikagandishwa usoni kila usiku kwa gundi ya silikoni na kubanduliwa kila asubuhi. Mota zilikuwa kubwa na zenye kelele, za ukoo mmoja na zile za kufagilia mazulia. Kufikia mwaka 1985 wagonjwa wapatao 100 walikuwa wakiishi hivyo majumbani mwao. Ni rahisi kuicheka picha hiyo leo. Hata hivyo kuna jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka: katika miaka hiyo ya gundi na plasta, kila barakoa ilichongwa kwa uso mmoja tu. Ilikuwa mbaya kwa kila kipimo kingine, lakini katika kukaa usoni hakuna barakoa ya dukani iliyoikaribia. Kilichofuata, kwa faida na kwa hasara, kilikuwa safari ya kutoka uso mmoja hadi nyuso za saizi tatu.

Mwaka 1985 kampuni ya Respironics ya Marekani iliingiza mashine ya kwanza sokoni, na mwaka 1989 kazi ya Sullivan ikapata kampuni yake, ResCare, ambayo baadaye ilibadilisha jina na kuwa ResMed. Hatua ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote ni ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale ukingo wa barakoa ulipogawanywa mara mbili: ukuta mnene wa ndani unaoshikilia umbo, na utando mwembamba wa silikoni nje yake. Hewa iliyomo ndani ya barakoa ndiyo inayousukuma utando huo uikumbatie ngozi, kwa hiyo shinikizo lililokuwa likisababisha uvujaji likageuzwa kuwa mlinzi wa uvujaji. Matokeo yake ni kinyume cha anachodhani kila mvaaji mgeni. Akihisi hewa inapiga macho, hukaza mikanda. Akikaza, utando unabanwa na kukunjamana, hewa inavuja zaidi, na asubuhi ana kidonda juu ya mfupa wa pua. Anayejua kazi hii humwambia alale chali, awashe mashine kwanza, ainue barakoa kidogo ili utando ujae hewa, aiachie ikae yenyewe, ndipo afunge mikanda kwa ulegevu. Ni maelezo ya dakika chache. Tiba nyingi zimeangukia hapo, kwa kukosa mtu wa kuyatoa.

Ushahidi wa anguko hilo uko wazi tangu mwaka 1993, pale watafiti wa Marekani walipoweka ndani ya mashine za wagonjwa 35 kifaa cha kurekodi matumizi bila wao kujua. Ni 16 tu waliotumia mashine angalau saa nne kwa usiku katika asilimia 70 ya siku. Hawa walikuwa watu wenye umeme wa uhakika, wenye madaktari wa usingizi, waliopewa mashine zinazofanya kazi. Sababu zilikuwa nyingi na si haki kuibebesha barakoa lawama yote. Wapo wasioona dalili zao, wapo wanaotishwa na kufunikwa uso. Lakini tangu wakati huo sehemu kubwa ya juhudi za wasanifu imeelekezwa usoni: vifuniko vya pua pekee, vya pua na mdomo, vijiti laini vinavyokaa mlangoni mwa matundu ya pua, mabomba yanayopita juu ya kichwa badala ya mbele ya macho. Viwanda vyenyewe viliona kwamba mauzo ya mashine yalitegemea kipande cha silikoni.

Swali ni uso wa nani uliowekwa mezani wakati wa kuchora. Katika ukoo wa karibu, ule wa barakoa za kuwakinga wafanyakazi dhidi ya vumbi na sumu, jibu limeandikwa. Kipimo kilichotumika kwa miongo mingi kilitengenezwa katika maabara ya Los Alamos miaka ya 1970, kwa kutegemea nyuso za wanajeshi wa anga wa Marekani waliopimwa mwaka 1967 na 1968. Mwaka 2003 taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilipima watu 3,997 na kukiri kwamba wanajeshi wale hawakuwakilisha tena wafanyakazi wa nchi hiyohiyo. Ikiwa Marekani ilihitaji kuwapima upya watu wake baada ya kizazi kimoja, sioni kwa nini tuamini kwamba vipimo vya huko vinatosha Nkubu ya Meru au Runyenjes ya Embu bila mtu yeyote kutoa utepe na kupima.

Hapa msomaji atasema silikoni ni laini, hunyumbulika, hivyo huwatosha wote. Kiasi fulani ni kweli. Utando niliouelezea ulibuniwa ili kusamehe tofauti ndogo. Lakini kunyumbulika kuna mpaka. Barakoa ya pua ikiongezwa saizi, kwa kawaida hupanuka na kurefuka kwa pamoja. Mwenye pua pana na mfupa mfupi wa juu akichukua saizi ndogo, kingo zinamkalia juu ya mabawa ya pua na kuyabana. Akichukua kubwa, ukingo wa juu unapanda kuelekea machoni na wa chini unashukia mdomoni. Ana saizi mbili na zote zinavuja. Wala huu si uvumi wa wanaolalamika, maana watengenezaji wenyewe siku hizi huuza katika baadhi ya mifano saizi ya kati iliyopanuliwa, na hakuna kiwanda kinachotengeneza saizi ya ziada kwa hisani. Mikanda nayo ina habari yake. Ilikatwa kwa kichwa chenye nywele fupi au nywele laini zinazolala. Juu ya misuko inateleza, juu ya kilemba cha usiku inapanda, na mwanamke aliyelipia nywele zake katika saluni ya mjini Meru anaombwa achague kati ya msuko na pumzi.

Tiba ya pumzi katika eneo hili ina historia ndefu, ila ni historia ya mchana. Tangu Dkt. Archibald Irvine wa misheni ya Kanisa la Scotland afike Chogoria mwaka 1922, na Wamethodisti wafungue hospitali yao Maua, na Wakonsolata wajenge yao Nkubu, na hospitali kuu za serikali zikue mijini Meru na Embu, kifua kilichoshughulikiwa kilikuwa kifua kinachokohoa: nimonia, kifua kikuu, pumu, moshi wa jikoni. Ndivyo ilivyopaswa kuwa, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyokuwa yakizika watu. Lakini ugonjwa unaotokea saa nane za usiku, ambao mwenyewe haujui na shahidi pekee ni mwenzake wa kitandani, hauingii kwenye daftari la hospitali kwa njia hiyo. Kukoroma kulibaki jambo la kutaniana, tena wengi huliona kama dalili ya usingizi mnono.

Kuna sababu nyingine ya eneo hili kutouona ugonjwa huu, na ni ya pekee kwake. Nyambene, upande wa Meru wenye mashamba ya miraa, inaishi kwa kuuza kukesha. Miraa ya Igembe huchumwa, hufungwa kwa majani ya mgomba, na hukimbizwa kutoka Maua, Kangeta na Laare kwa kasi iliyozifanya pikapu zake kuwa gumzo la barabara, kwa kuwa kathinoni, kiini kinachomwamsha mlaji, hupungua nguvu baada ya siku mbili hivi. Soko la Uingereza lilipofungwa Juni 2014, maumivu yalifika kwenye kila boma. Embu nayo ina muguka wa Mbeere, ambao Mei 2024 uliwagombanisha magavana wa Pwani na serikali kuu. Silaumu wakulima, na mjadala wa marufuku una mahali pake. Ninachosema ni hiki: mtu ambaye koo lake hufunga mara kadhaa kwa saa huamka akiwa hajalala, na mahali ambapo tiba ya kusinzia mchana ipo kwenye kila kibanda, kusinzia hakumfikishi kwa daktari. Jani humfungua macho, koo haliligusi. Tena kathinoni hupandisha shinikizo la damu, sawa na zinavyofanya pumzi zinazokatika usiku, kwa hiyo atakapofika kliniki atapimwa mkono, atapewa vidonge, na atarudi nyumbani bila kuulizwa analalaje.

Wapo watakaosema nimehamisha ugonjwa wa matajiri wanene wa ng'ambo nikauleta kwa wakulima wanaopanda vilima kutwa. Pingamizi hili lina uzito, kwani unene wa shingo kweli ni chanzo kikubwa. Lakini si chanzo pekee. Umbo la taya, ukubwa wa ulimi na tezi za koo, na umri pia huamua. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yaliweka watu wazima wenye tatizo hili duniani, kati ya miaka 30 na 69, kuwa karibu milioni 936, wengi wao nje ya nchi tajiri. Na Kenya yenyewe haiko pale ilipokuwa enzi za Irvine: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta asilimia 27 ya watu wazima wana uzito uliozidi au unene, wanawake wakiwa zaidi ya mara mbili ya wanaume kwa asilimia, na karibu robo ya watu wazima wana shinikizo la damu. Anayedai ugonjwa haupo Meru anapaswa kwanza kuonyesha mahali ulipotafutwa ukakosekana.

Pingamizi gumu zaidi ni la kipaumbele: hospitali haina mashine, umeme hukatika, na wewe unazungumzia mkanda na saizi ya pua? Najibu kwa historia ya karibu. Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa kukodi vifaa vya tiba kwa hospitali 98, mbili katika kila kaunti pamoja na nne za kitaifa, kwa mabilioni ya shilingi. Kufikia mwaka 2020 kamati ya Seneti ilikuwa ikichunguza kwa nini baadhi ya vifaa hivyo vilikaa bila kazi, penye upungufu wa umeme, maji, vyumba au watu wa kuviendesha. Mpango ule ulinunua mashine kwanza, ukaacha sentimita za mwisho zijitafutie. Mashine ya pumzi za usiku itafuata mkondo uleule, tena haraka zaidi, kwa sababu hulipiwa mara moja ilhali silikoni ya barakoa huchoka na kuhitaji kubadilishwa tena na tena. Mahitaji mengine ya mahali hapa pia hayakuwa mbele ya wasanifu wa awali. Mji wa Embu uko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari na wa Meru uko juu zaidi, mahali ambapo hewa ni nyepesi na feni lazima izunguke kwa kasi zaidi kutoa shinikizo lilelile. Mashine za zamani zilihitaji mtu azipangie mwinuko kwa mkono. Za leo hujirekebisha zenyewe. Mwinuko umeshughulikiwa, kwa kuwa Denver, mji wa Marekani ulio juu vilevile, nako kuna watu na wananunua. Pua zingeshughulikiwa vivyo hivyo kama zingepimwa.

Na si kweli kwamba ujuzi wa kuifanya hewa ikae usoni haupo hapa. Upo, katika wodi za watoto wachanga. Hewa ya kusukumwa iliwafikia watoto kabla ya watu wazima: George Gregory na wenzake wa San Francisco walitangaza mwaka 1971 kwamba njiti wenye mapafu yasiyokomaa huweza kuokolewa nayo. Namna inayotumika zaidi katika nchi zetu ni ile ya viputo: hewa na oksijeni hupita puani mwa mtoto, na mrija wa kutolea huzamishwa kwenye chupa ya maji yenye alama za sentimita, kina cha mrija ndicho shinikizo. Ikipungua kububujika, muuguzi anajua kuna uvujaji bila kusoma skrini yoyote. Tazama anachofanya kwa mikono yake. Anachagua vijiti vinavyojaza tundu la pua bila kuifanya ngozi iwe nyeupe. Anahakikisha havigusi ukuta wa katikati ya pua, kwani ukuta huo hupata kidonda haraka. Anamvika mtoto kofia ya kitambaa kinachovutika, mara nyingi iliyokatwa na kufungwa palepale wodini, na kuishikiza mirija pembeni mwa kofia kwa pini na mipira ili kichwa kikigeuka vijiti vigeuke nacho. Kofia ikiwa kubwa, hushuka machoni. Ikiwa ndogo, hupanda na kuvuta pua juu. Huo ni usanifu wa barakoa hata kama hakuna anayeuita hivyo, na unafanywa kwa kumtazama mvaaji saa kwa saa, jambo ambalo Sydney ya mwaka 1980 ililifanya na viwanda vya baadaye vikaliacha.

Mafundi cherehani nao walionyesha mwaka 2020, baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi, kwamba kushona kitu cha usoni kwa saizi tofauti, chenye utepe wa kupinda juu ya pua na lastiki isiyokata masikio, ni kazi ya wiki chache kuijua. Barakoa zile zilikuwa za kuzuia, hizi ni za kupitisha, na tofauti hiyo ndiyo inayoleta pingamizi la mwisho: kwamba kuwaachia mafundi ni kucheza na uhai. Hapo nakubaliana, kwa mpaka ulio wazi. Barakoa ya usiku ina vitundu vidogo vya kutolea hewa iliyotumika. Ukiviziba ili kupunguza kelele, au ukatoboa kwa kukisia, mgonjwa atavuta tena hewa yake chafu. Vitundu hivyo na utando wa silikoni viachwe kwa kiwanda chenye vipimo. Hata viwanda vikubwa hukosea: Juni 2021 kampuni ya Philips ilianza kuzirudisha mamilioni ya mashine kwa sababu sponji ya kupunguza kelele ndani yake ilikuwa ikimomonyoka na kuweza kuingia katika hewa anayovuta mgonjwa. Kosa la mkubwa halimpi mdogo ruhusa ya kukosea, wala sitalitumia hivyo.

Nje ya mpaka huo kuna kazi nyingi isiyo na hatari. Mikanda inaweza kukatwa upya na kushonwa Chuka kwa kichwa chenye misuko, na kitambaa laini cha kuweka kati ya ngozi na silikoni wakati wa jasho hakihitaji meli. Muuguzi anayejua kofia ya mtoto anaweza kufundishwa kumvisha mtu mzima na kumwita tena baada ya wiki moja, wakati ambao wengi huwa wameshaitundika barakoa ukutani. La kwanza kabisa halihitaji hata mashine: katika kliniki za shinikizo la damu za Meru na Embu, ambako mkono wa mgonjwa tayari umefungwa utepe, aulizwe yeye na anayelala naye kuhusu kukoroma na pumzi kukatika, kisha upana wa pua yake na urefu wa mfupa wake viandikwe kwenye kadi. Miaka miwili ya kadi hizo ingewapa wanunuzi wa kaunti jedwali la saizi la kuweka ndani ya zabuni, na muuzaji asiye na saizi pana angejikuta nje ya zabuni hiyo kwa namba.